Boost Mbili za Jumamosi

Ukimletea kaka yangu Tajudini gari iliyogoma, hafungui kapo, kile kifuniko cha injini, kwanza. Anakwambia ukae ndani upige ufunguo, na yeye anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani nyuma ya ukuta. Gari ikilia tka-tka-tka, anasema, "Hii iko na njaa tu." Ikinyamaza kabisa, anasema, "Hii tuisomee dua." Halafu ndipo anafungua. Mara nyingi inakuwa kama alivyosema.

Yeye ni fundi umeme wa magari hapa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, katika garaje ya mzee Namegabe. Hakusomea ufundi popote. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la pili, yeye la sita, na mama alikuwa ameshaanza kuugua. Siku ya tatu ya matanga Tajudini alikwenda kwa Namegabe akamwambia anaweza kuosha vyuma. Daftari zake zilibaki shuleni, hakurudi kuzichukua. Miaka minne aliosha vyuma kwa mazutu, yaani dizeli, weusi ukaingia kwenye mistari ya viganja mpaka hautoki tena, na mimi nikamaliza la sita. Siku ya harusi yangu alisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga tangu alfajiri. Alipofika alikataa kunishika. "Pole leo, uko mweupe," aliniambia. "Mi nitakushika kesho."

Nasema haya kwanza kwa sababu mahakamani hawakuyauliza. Mahakamani walimuuliza neno moja tu.

Miaka hii magari ya Bujumbura yanalala kuliko yanavyotembea. Esanse, yaani petroli, ikikosekana wiki tatu, wiki nne, mwenye gari anaiacha uani, anaifunika turubai, anatembea kwa miguu kama sisi wengine. Batiri haijui habari za esanse. Inakufa polepole huko chini ya turubai. Siku esanse inapofika, kila mtu anakimbilia ufunguo, na nusu ya mji inagundua kwamba gari haiamki. Hapo ndipo simu ya kaka yangu inapolia. "Fundi, nahitaji boost." Anabeba batiri nzima begani, ananing'iniza kebo mbili shingoni, nyekundu na nyeusi, anakwenda. Anashika hapa, anashika pale, mwenye gari anapiga ufunguo, gari inaamka. Hiyo ndiyo boost. Fundi ametoa boost. Hapa kwetu mtoto analijua neno hilo kabla hajajua kusoma.

Halafu ikaja poda ya kulevya, ikachukua jina lilelile: boost.

Sitaki kudanganya. Kaka yangu alikuwa anavuta poda ile. Mwaka juzi batiri ilimpasukia, asidi ikamchoma shingo na bega, na maumivu hayakutaka kuondoka. Mtu mmoja wa mtaani akampa kidogo avute, akamwambia itatuliza. Ikatuliza. Mimi nilikuwa na mimba ya Soumaya wakati huo, na mwenye mimba anaona mambo mengi kwa sababu anakaa sana. Nilimwona anajikuna pua wakati hakuna mbu wala vumbi. Nilimwona anasinzia na tonge la ugali mkononi, halafu anaamka na kuendelea kutafuna kama hakuna kilichotokea. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Ramadhani aliacha, mwezi mzima. Siku ya tano baada ya Idi nilimwona tena anajikuna.

Kwa hiyo polisi walipomkamata Jumamosi ile mchana, kwenye kona karibu na garaje, na kumkuta na kikaratasi kimoja cha poda mfukoni mwa shati, kile kikaratasi kilikuwa chake. Hilo hakulikataa hata siku moja.

Kosa lilikuja baadaye, kituoni. Walifungua simu yake. Wakaona ujumbe aliomwandikia bwana mmoja wa Kinanira anayeitwa Salvator. Ulisema hivi: *Samahani patron nimechelewa, nimetoa boost mbili asubuhi hii, sasa nakuja kwako.*

Polisi akamuuliza, "Umetoa boost kwa watu wawili leo?"

Na kaka yangu, aliyekuwa ameshaambiwa kwamba polisi wanakamata vijana wasio na kazi, alidhani anaulizwa kama ana kazi. Akajibu kwa kujivuna, "Ndiyo, afande. Wawili. Jumamosi ya esanse mi sikai hata kidogo. Kila mutu ananitafuta mi."

Yule polisi aliandika kila neno. Aliandika kwa Kifaransa. Tajudini akatia sahihi, akauliza kama anaweza kwenda, kwa sababu kulikuwa na gari nyingine inamngoja.

Nilijua maana ya yote hayo siku nne baadaye, kwa Maître Adélaïde, avoka, yaani wakili, kijana anayesaidia watu wasiokuwa na wa kuwatetea. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za mahakama, Soumaya ananyonya. Hakuniambia nisimame. Alikaa pembeni yangu na sketi yake safi, akafungua faili magotini.

"Dada, zamani jaji alikuwa anaangalia uzito wa poda, anamwangalia na mutu mwenyewe, halafu anaamua," alisema. "Mwaka huu yametoka maagizo mapya ya adhabu, kwa hizi dawa zinazotengenezwa kwa kemikali. Wanasema uzito haufai tena. Hii poda ya siku hizi, punje moja inaweza kuua. Sasa wanahesabu mikono."

"Mikono gani?"

"Mikono iliyopokea. Ukikutwa na yako peke yako, we ni mutumiaji. Miezi sita, na kama iko karatasi ya daktari unakwenda kutibiwa. Ukimpa mutu mumoja, jaji bado anaweza kukuweka pamoja na watumiaji. Ukitoa kwa wawili, basi, we ni mugawaji. Miaka kumi. Kama ni kosa la kwanza, saba. Chini ya saba jaji haruhusiwi kushuka."

"Lakini aliamsha magari."

"Naamini. Mi gari yangu iliamshwa Jumatatu." Alifunga faili. "Lakini kwenye karatasi iko *boost*, iko *nimetoa*, iko *mbili*. Na iko sahihi yake."

Soumaya aliacha kunyonya akamtazama. Nadhani nilikuwa nimembana.

Mimi sikatai sheria. Mtoto wa jirani yetu alikutwa amekaa chooni, ameegemea ukuta, amekwisha kupoa, na kikaratasi bado kiko kwenye vidole. Nilimsaidia mama yake kufua nguo alizokuwa amevaa. Wanaouza poda ile wafungwe, mimi sitawalilia. Lakini mtu aliyekaa mezani akaandika "wawili" alipaswa kwanza kushuka aje Buyenzi, asimame dakika kumi tu mbele ya garaje yoyote, asikilize watu wanavyosema. Dakika kumi. Angesikia neno lile mara ishirini.

Maître Adélaïde aliniambia tunahitaji watu wa kusema zile boost mbili zilikuwa nini. "Hata mumoja tu," alisema. "Ukiniondolea mukono mumoja, unabaki mumoja, na kwa mumoja hakuna miaka saba." Tajudini alituambia kutoka nyuma ya waya wa gereza. Boost ya kwanza ilikuwa pikapu ya polisi, ilizimika nje ya garaje, na Namegabe mwenyewe alikuwepo. Ya pili alisimamishwa njiani na mtu mwenye Probox, hakumjua. Na Salvator, aliyepelekewa ujumbe, angeweza kusema ulimaanisha nini.

Nikaanza na Salvator. Nilimfunga Soumaya mgongoni nikapanda Kinanira.

Salvator ni mtu wa serikali, ana shati la kupigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alinipokea kwenye geti, hakunikaribisha ndani.

"Dada, mi namujua fundi. Ni kijana muzuri, ana heshima. Gari yangu iliamka mara moja."

"Basi njo useme hivyo, baba. Maneno hayohayo."

"Apana. Mi ni mutu wa ofisi."

"Na watu wa ofisi gari zao hazigomi?"

Alicheka kidogo, kisha akaangalia barabara, juu na chini. "Wataniuliza kwa nini jina langu iko mu simu ya mutu wa poda, pembeni ya neno ile. Nitaeleza. Watasikia, watakubali. Kesho kule ofisini watu wataniita Boost."

"Wakuite, baba. Jina haliui mutu."

"We huijui ofisi."

"Sijui kweli. Lakini uliandika nini ulipomwita? Nionyeshe hata huo ujumbe."

"Sikuandika. Nilipiga simu." Na hapo uso wake ukalegea, kwa sababu alikuwa amepata mahali pa kutokea. "Umeona? Hata mi sina kitu cha kuonyesha. Mungu atamsaidia."

Nilikuwa na neno la kumjibu juu ya Mungu, nikalimeza kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni na sikutaka alisikie. Nilishuka. Kwenye kona nikasikia ndala zinanikimbilia. Alikuwa mkewe, Irène, ameshika kitambaa cha jikoni.

"Mama Soumaya, eeh? Nilisikia ukimwita mutoto." Alikuwa anahema. "Sikiliza. Huyu mume wangu haendi, nimeishi naye, namujua. Lakini kaka yako siku ile alituchekesha. Alisema amechelewa kwa sababu ya mutu wa keki. Probox nyeupe, kiti cha nyuma kimelazwa, keki ya harusi imekaa pale, ya ngazi tatu, na jua linawaka. Mwenye gari analia kwamba keki itayeyuka kabla ya bibi harusi kuiona. Kaka yako akasema, 'Niliamsha gari, lakini ngazi ya juu ilikuwa imeshaanza kusujudu.'"

Alicheka, akaziba mdomo kwa kitambaa. Halafu akaanza kulia. Nikamshika mkono. Mikono yake ilikuwa na harufu ya vitunguu.

"Njo wewe basi," nilimwambia. "Sema haya."

Alitazama geti lake. Sikumlazimisha, na mpaka leo najiuliza kama nilipaswa.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Kabla ya kaka yangu aliitwa kijana wa Kiriri, mtaa wa matajiri, jina lake Maxime, mwanafunzi. Yeye alikutwa na vikaratasi saba. Simu yake ilikuwa imepotea siku ileile ya kukamatwa, hivyo ndivyo avoka wake alivyosema, na hakuna aliyeuliza imepoteaje. Kulikuwa na barua ya daktari, ya kurasa mbili, na mama yake alikuwa amekaa mbele ameshika mkoba kwa mikono miwili. Vikaratasi vyote saba vikawa vya kwake mwenyewe. Akapelekwa kutibiwa. Simchukii kijana huyo. Alikuwa mgonjwa wa poda kama kaka yangu, na mama yake alilia kama mama yeyote. Lakini nilihesabu. Vile saba vilikuwa vya mkono mmoja. Kimoja cha kaka yangu kilikuwa cha mikono miwili.

Tajudini aliingia amekonda, amenyolewa vibaya. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akamtafuta na Soumaya.

Jaji alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani, anaongea Kirundi polepole ili kila mtu aelewe. Alimuuliza juu ya kikaratasi.

"Ni changu, Mheshimiwa. Kile sikikatai."

"Na hizi boost mbili ulizotoa?"

"Ni batiri, Mheshimiwa. Ya kwanza pikapu, ya pili Probox iliyokuwa na keki."

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai nyembamba, alisimama. "Mwenye keki anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Ulimpa kitu mtu usiyemjua jina?"

"Gari hainiambiaka jina la mwenyewe."

"Na hii poda mfukoni, nayo ulikuwa unaamshia gari?"

Ukumbi ukacheka zaidi. Nilimwona mwanamke mbele yangu anajipiga paja kwa kicheko. Nilitamani kumshika bega nimgeuze aniangalie, lakini nikampa Soumaya kidole anyonye, kwa sababu askari wa mlangoni alikuwa ameshaniambia mtoto akilia natoka.

Kisha Maître Adélaïde akamwita Namegabe.

Mzee wetu alikuja amevaa koti la harusi. Alizaliwa Bukavu, ana miaka zaidi ya thelathini hapa Buyenzi, na mtu akimuuliza kitu anajibu chote mpaka mwisho. Nilikuwa nimemwomba kabla, "Mzee, useme neno *batiri*. Kila mara useme *batiri*." Aliniambia, "Mwanangu, mi nitawaeleza vizuri." Nikaogopa hapohapo.

"Unamjua mshitakiwa?" jaji alimuuliza.

"Ni mutoto wangu mu kazi. Nilimupokea anafika hapa." Alionyesha kwenye kiuno.

"Boost ni nini?"

"Boost ni boost, Mheshimiwa."

Maître Adélaïde akafumba macho.

"Wewe mwenyewe umewahi kutoa?" mwendesha mashtaka aliingia haraka.

"Mi?" Namegabe alishangaa kama ameulizwa kama amewahi kula. "Miaka makumi tatu natoa! Baba yangu alikuwa anatoa kule Bukavu, mi natoa hapa. Garaje yetu yote inatoa. Huyu Tajudini ndo mi nilimufundisha kutoa. Hakuna mutu mu Buyenzi anatoa boost kama ye!"

Sasa hata karani aliacha kuandika kwa kicheko. Maître Adélaïde akasimama, "Mheshimiwa, shahidi anazungumza juu ya batiri," na Namegabe akakubali kwa kichwa, akidhani tu kwamba watu wanamfurahia.

"Ndiyo, batiri! Batiri! Hata siku ile ya Jumamosi, boost ya kwanza alitoa kwa polisi."

Kicheko kikakatika.

"Unasema nini?" jaji aliuliza.

"Polisi. Pikapu yao ilizimika mbele ya mulango wangu. Walisukuma wenyewe kwanza, wakashindwa. Nikaita huyu. Akawapa boost."

"Unasema mbele ya mahakama," mwendesha mashtaka alisema pole pole, "kwamba polisi walipewa boost?"

"Walipewa!" Namegabe aliinua mkono juu. "Na walishukuru!"

Mimi wakati huo sikuwa naangalia mbele. Nilikuwa naangalia mlango, kwa sababu Soumaya alikuwa ananiuma kidole na nilitaka kujua kama nitatolewa. Kwa hiyo niliona askari watatu walioleta wafungwa. Wawili walikuwa wanakunja uso kwa hasira. Wa tatu, mwenye ndevu fupi, alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Jaji alipiga meza. Alimwambia Namegabe kwamba akiendelea kuchafua polisi atalala ndani na yeye. Mzee akakaa, koti limepinda, anatazama huku na huku akimtafuta mtu wa kumweleza alichokosea. Salvator hakuja. Irène hakuja. Mwendesha mashtaka akasema mwenye keki ni hadithi, pikapu ni matusi, na kilichobaki ni maneno ya mshitakiwa mwenyewe, kwa sahihi yake.

Jaji akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka sasa. Mtu mbaya ningemwapiza nikalala. Alisema anaona mashaka. Alisema, kama ingekuwa mwaka jana, angemwangalia kijana huyu kwa namna nyingine. Lakini maagizo yanahesabu watu, na watu waliokiriwa ni wawili, na hakuna aliyekuja kuondoa hata mmoja. Akasema chini ya saba hana ruhusa.

"Miaka saba."

Tajudini hakulia. Aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ningeandika *nimeamsha gari mbili*, leo ningelala nyumbani?"

Jaji alivaa miwani yake tena. Akaita kesi nyingine.

Nje, wafungwa walikuwa wanapandishwa kwenye pikapu ya polisi. Nilimfuata yule askari wa ndevu fupi mpaka karibu na usukani.

"Afande. Ni wewe, eeh?"

"Dada, rudi nyuma."

"Jumamosi ile. Ni wewe uliyekuwa unaendesha."

"Mi naendesha tu. Nikitumwa naendesha."

"Sikuulizi ulitumwa na nani. Nakuuliza kama gari iligoma."

Aliangalia nyuma kwenye gari, ambako kaka yangu alikuwa amekaa amefungwa pingu na mwizi wa mabati. Halafu akanyosha mkono, akavuta kanga ikafunika kichwa cha Soumaya.

"Mutoto anapigwa na jua," alisema. "Nenda nyumbani."

Nilimtoa mkono. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mimi si mtu wa kupiga kelele, watu wa kwetu wananijua, lakini siku ile walinisikia mpaka ng'ambo ya barabara. Anamwonea huruma mtoto kwa jua la dakika tano! Na mjomba wake anamwona anapelekwa miaka saba, na neno moja lake, moja tu, "iligoma", lingetosha. Yule askari akapiga ufunguo wa gari. Iliamka mara ya kwanza. Nadhani ilikuwa bado na nguvu za batiri ya kaka yangu.

Huko ndani Tajudini ameacha poda, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Wiki mbili alitapika na kutetemeka juu ya saruji, wenzake wakimmwagia maji. Sasa anakula. Anasema bega linauma kama siku ile batiri ilipopasuka, lakini linauma wazi, anajua liko wapi. Wamemfanya atengeneze redio za askari. Anajilaumu kwa neno. "Ningesema *kuamsha*, Saliha. Neno liko palepale mudomoni, na mi nachukua lile lingine." Nilimwambia hakuna mtu anayechagua neno la kazi yake kama anavyochagua nguo ya kwenda kwa wakwe.

Garajeni Namegabe amelikataza neno lile. Mteja akiingia, "Mafundi, nahitaji boost," wote wanatupa vyuma chini, wanamzunguka: "Kuamsha, mzee! Sema kuamsha!" Mteja anadhani wamelewa. Mzee mwenyewe kila siku ananiomba msamaha, na kila siku namwambia hakukosea, na kila siku haniamini. Ametoa pikipiki yake ya zamani mlangoni na kuweka kiti pale ili nikae na mtoto.

Maître Adélaïde ameandika rufaa. Tumepewa siku thelathini, zimepita kumi na mbili. Ameniambia tena lile lile: mkono mmoja tu. Polisi hawatasema, hilo nimeshalielewa. Salvator hatasema. Amebaki mtu mmoja katika mji huu wote, na sijui jina lake, Irène hakuambiwa, na Tajudini anasema tu "mwenye keki". Nimekwenda kwa wapishi wa keki wa Buyenzi, wa Bwiza, wa Nyakabiga. Nimesimama kwenye milango ya kumbi za harusi Jumamosi mbili mfululizo, naangalia kila Probox nyeupe inayoshusha vitu, nagonga kioo. Wengine wamenidhani mwombaji, wakanipa vipande vya mkate. Mmoja alinifungia kioo mkononi.

Kwa hiyo naandika, na namwomba yeyote anayesoma awasomee wengine. Ni Jumamosi ile ambayo esanse ilifika baada ya wiki nne, kabla ya adhuhuri. Ulikuwa na Probox nyeupe, imezimika mbele ya kituo cha esanse unapotoka Buyenzi kuelekea mjini. Nyuma ulikuwa na keki ya ngazi tatu. Ulimwona kijana anapita na batiri begani na kebo shingoni, ana kovu la kuungua hapa, kuanzia sikio mpaka kwenye bega, ukamwita. Alikwambia upige ufunguo kwanza, asikilize.

Huna haja ya kujua kitu chochote juu ya poda, na hakuna atakayekuita jina. Utasimama, utasema gari yako ilizimika na mtu huyu akaiamsha, utaketi. Mimi niko garaje ya Namegabe, kuanzia asubuhi mpaka magharibi, nimekaa nje na mtoto wa kike wa miezi kumi. Ukipita tu na gari hiyo, mimi nitasimama.